Mama ana miaka 68 na kisukari: nimkatie bima ya maisha?

Ndugu Mshauri,

Mama yangu ana miaka 68, na baada ya miezi minne atatimiza 69. Ana shinikizo la damu na kisukari. Anatumia vidonge tangu miaka tisa iliyopita, hajawahi kudungwa insulini, ila mwaka jana alilazwa siku tano kwa ajili ya kidonda cha mguu ambacho sasa kimepona. Baba alishafariki. Mimi ni wa tatu kati ya watoto wanne, nina miaka 41, nimeajiriwa, na sehemu kubwa ya matumizi ya mama iko mikononi mwangu: dawa, umeme, na mshahara wa anayemsaidia nyumbani.

Miaka mitatu iliyopita mama alikopa benki kukarabati nyumba, nami nikamdhamini. Deni limebaki 240,000, na bado miaka minne. Kinachoninyima usingizi ni kwamba akitangulia kabla deni halijaisha, litaniangukia mimi pamoja na gharama za mazishi.

Wakala wa bima ameniletea ofa: kinga ya 300,000 kwa ada ya 2,500 kila mwezi, bila kupimwa. Fomu ina ukurasa wa maswali ya afya. Ameniambia niandike "hapana" kote, kwa sababu sukari siku hizi kila mtu anayo, na mahali pa sahihi ya mama niweke mimi ili tusimsumbue. Nyuma ya karatasi ya makadirio kuna maandishi madogo: "Ada zitapitiwa kila baada ya miaka 5. Kinga hukoma mkatiwa bima atakapotimiza miaka 80. Kifo cha maradhi ndani ya miezi 24 ya kwanza: ada zilizolipwa zitarejeshwa pamoja na asilimia 10."

Kaka yetu mkubwa anasema kumkatia mzazi bima ni kumhesabia siku zake. Mdogo wetu anataka tukate haraka, na jina lake liandikwe kama mnufaika kwa kuwa ndiye anayeishi na mama.

Naruhusiwa kumkatia mama bima? Lazima ajue? Ofa hii inafaa? Na nani awe mwenye bima?

Binti wa Tatu

*

Binti wa Tatu,

Fomu hiyo usiijaze kwanza. Mambo mawili aliyokushauri wakala, sahihi na "hapana", ndiyo hasa yanayofanya familia ilipe ada miaka na miaka, kisha siku ya kudai iambiwe kwamba hapakuwa na bima. Mchezo huo hauna hatari kwa wakala. Kamisheni yake huingia mkataba unapoanza, na wewe ndiye utakayekaa mbele ya dawati la madai.

Nianze na ruhusa. Kumkatia mtu mwingine bima ya maisha kunahitaji uwe na maslahi ya kibima, yaani uonyeshe kwamba kifo chake kitakuachia hasara ya fedha. Sharti hili lilizaliwa Uingereza mwaka 1774, baada ya watu kugeuza bima kuwa kamari: walikuwa wakinunua bima juu ya maisha ya watu wasio ndugu wala jamaa, halafu wanakaa kusubiri. Ukoo peke yake si lazima utoshe. Mwaka 1904, huko huko Uingereza, mtu mmoja aliyekuwa amemkatia mama yake bima ya gharama za mazishi alishindwa mahakamani. Ilionekana hakuwa na maslahi ya kibima, na hata ada alizolipa hakurudishiwa. Aliyemhakikishia kwamba bima ile ni halali alikuwa wakala. Miaka mitano baadaye sheria ya kule ilirekebishwa ili kuruhusu bima za mazishi ya wazazi, na leo nchi nyingi zinaruhusu kwa namna moja au nyingine, lakini mara nyingi kwa kiasi chenye kikomo.

Kwako wewe maslahi yapo, tena yana karatasi: mkataba wa mkopo wenye jina lako kama mdhamini. Utakapoomba bima inayohusu deni, ambatisha nakala yake na taarifa ya benki inayoonyesha salio. Kwa upande wa mazishi, uliza kampuni kikomo chake kwa mtoto anayemkatia mzazi ni kiasi gani. Jibu hilo litakuonyesha haraka kama unazungumza na mtu anayeijua kazi yake.

Kuhusu mama kujua: ndiyo, lazima ajue, na sahihi iwe yake. Anayekatiwa bima ni yeye, maswali ya afya yanamhusu yeye, na kibali cha kampuni kufungua faili lake la hospitali ni yeye tu wa kukitoa. Sahihi iliyowekwa na mtu mwingine ni kughushi, na mkataba uliosimama juu ya kughushi huanguka hata kama majibu yote mengine ni ya kweli. Macho yake yakiwa yamepungua nguvu, kama inavyotokea kwa wenye kisukari, asomewe fomu kwa lugha anayoielewa, aweke dole gumba, na aliyesoma aandike na kutia sahihi kwamba amemsomea na ameelewa. Shahidi asiwe mnufaika. Bima zisizohitaji sahihi ya mzazi kwa kawaida ni zile za kikundi kupitia kazini. Hizo nitazifikia.

Sasa ukurasa wa maswali, maana hapo ndipo madai mengi hufia. Swali kwa kawaida huandikwa hivi: "Je, katika miaka 5 iliyopita umetibiwa au kushauriwa na daktari kuhusu kisukari, shinikizo la damu, moyo, figo, kiharusi au saratani?" Linalofuata: "Je, umelazwa hospitali katika miezi 24 iliyopita?" Mama akijibu "hapana", atakuwa amekosea mara tatu kwa mkupuo. Na kampuni haihitaji mpelelezi. Dai likiwasilishwa ndani ya miaka miwili ya kwanza, kipindi ambacho mikataba mingi inaipa kampuni haki ya kurudi nyuma na kuhoji majibu ya fomu, barua moja kwa kliniki yake inatosha. Daftari la dawa lina tarehe ya kila mwezi kwa miaka tisa. Hata miaka miwili ikipita usijidanganye: mikataba mingi huacha mlango wazi pale ambapo uongo ulikuwa wa makusudi, na "hapana" ya mtu anayemeza vidonge kila asubuhi ni vigumu kuiita bahati mbaya.

"Ndiyo" tupu nayo haisaidii sana. Mtathmini wa kampuni akiona "ndiyo" bila maelezo hukadiria hali mbaya zaidi, na bei hufuata. Andika kwa ukamilifu, kwa mfano: "Kisukari aina ya pili, kiligunduliwa akiwa na miaka 59. Vidonge tu, hajatumia insulini." Taja jina la kila dawa na kipimo chake kama kilivyo kwenye pakiti, matokeo ya mwisho ya HbA1c (kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu) na tarehe yake, na vipimo viwili au vitatu vya karibuni vya presha. Kuhusu mguu: "Kidonda, alilazwa siku 5, kilipona, hakuna kidole kilichokatwa." Usikidharau kidonda hicho. Kwa mtathmini, kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari ni dalili kwamba huenda mishipa ya fahamu au ya damu imeanza kuathirika, na kina uzito kuliko kisukari chenyewe. Kipimo cha figo kikiwepo na kikawa kizuri, kiambatishe bila kusubiri kuombwa.

Majibu yanayoweza kurudi ni manne: kukubaliwa kwa bei ya kawaida, na hilo usilitarajie, kukubaliwa kwa nyongeza, ambayo kampuni nyingi huipandisha kwa ngazi za asilimia 25 au 50 juu ya bei ya msingi, kuahirishwa kwa miezi 6 au 12 ili waone kama kidonda kitajirudia, au kukataliwa. Kukataliwa huacha alama, kwa sababu fomu nyingi huuliza "je, umewahi kukataliwa bima?" na hapo utalazimika kusema ndiyo. Kwa hiyo usitawanye maombi matano kwa wakati mmoja. Tafuta dalali wa bima asiyefungwa na kampuni moja, mpe taarifa za mama bila jina, aulize kwanza kampuni mbili tatu zingemwonaje mtu wa umri na hali hiyo. Fomu rasmi ijazwe pale tu palipotoa jibu la matumaini.

Jambo dogo kuhusu umri ambalo watu hulipuuza: kampuni nyingine huhesabu umri wa siku ya kuzaliwa ijayo, nyingine ule ulio karibu zaidi. Mama yako ana miaka 68 na miezi minane. Kwa hesabu zote mbili hizo, tayari ni 69. Haraka ya mdogo wako basi haina cha kuokoa miezi hii minne, isipokuwa mkikutana na kampuni inayohesabu umri uliokwisha kutimizwa. Muhimu zaidi ni kwamba tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha mama ilingane na nyaraka zake nyingine. Wazee wengi wana miaka miwili tofauti kwenye karatasi mbili. Kosa la umri kwa kawaida halifuti bima. Kampuni hupunguza malipo hadi kiasi ambacho ada ile ingenunua kwa umri wa kweli. Ila huchelewesha dai kwa miezi. Peleka uthibitisho wa umri mwanzoni na uombe iandikwe kwenye hati ya bima kwamba umri umethibitishwa. Ni mstari mmoja tu, lakini bila huo kampuni inaweza kudai uthibitisho siku ambayo mwenye umri wake hayupo kuulizwa.

Tuje kwenye ofa, na tuanze na maandishi madogo kwa sababu ndiyo mkataba wenyewe.

2,500 kwa mwezi ni 30,000 kwa mwaka. Mama akiishi hadi 80, kinga inakoma. Tangu 69 hiyo ni miaka 11, kwa hiyo mtakuwa mmelipa 330,000 kwa ajili ya kinga ya 300,000, na siku ya kutimiza 80 mnabaki mikono mitupu. Hapo nimechukulia ada haitapanda, ilhali wameandika wazi kwamba itapitiwa kila baada ya miaka mitano. Neno "itapitiwa" kwa mtu anayetoka 69 kwenda 74 lina maana moja tu. Tuseme imepanda hadi 3,500: miaka mitano ya kwanza 150,000, miaka sita inayobaki 252,000, jumla 402,000.

Linganisha na kuweka akiba. 2,500 hiyo hiyo kila mwezi kwenye akaunti yenye riba ya asilimia 5 kwa mwaka hufika 300,000 kwenye mwezi wa 98, yaani miaka minane na miezi miwili. Bima inaishinda akiba kwa mbali pale kifo kinapotokea kati ya mwezi wa 25 na huo wa 98. Mwezi wa 30, kwa mfano, akiba itakuwa karibu 80,000 tu, na bima italipa 300,000. Kabla ya mwezi wa 25 zinakaribiana: mwezi wa 14 mtakuwa mmelipa 35,000 na mtarudishiwa 38,500, huku akiba ikiwa karibu 36,000. Baada ya mwezi wa 98 akiba inaongoza, na haikomi akifika 80. Kwa hiyo ofa hii si wizi, lakini inalipa vizuri ndani ya dirisha moja tu, na dirisha hilo hupungua ada inapopanda.

Sasa weka deni lako kando ya dirisha hilo. Deni ni kubwa zaidi leo, miezi ile ile 24 ambayo bima haina kitu cha maana cha kukupa, na linapungua kila mwezi hadi linakwisha mwaka wa nne. Yaani kinga ni nyembamba deni linapokuwa nene, kisha unaendelea kulipia kinga nene kwa miaka saba baada ya deni kufa. Hilo kwangu ndilo kosa kubwa la ofa hii, kuliko bei yake.

Ningeanzia benki. Mikopo mingi huja na bima ya mkopo ndani yake, iliyokatwa siku ya kwanza au inayokatwa kila mwezi, na wakopaji wengi hawajui kwamba ipo. Nenda na mama, mwombe afisa mikopo awape nakala ya mkataba na cheti cha bima, kisha muulize: Mama amekingwa kwa kifo? Kinga inakoma akiwa na umri gani? Kuna magonjwa yaliyoondolewa, na mama alijaza tamko la afya? Swali la umri ndilo zito. Bima nyingi za mkopo hukoma mkopaji akifika 65 au 70, na mama alikopa akiwa na 65. Ikikoma 70, mmebakiwa na mwaka mmoja na miezi michache. Ikiwa ilikoma 65, huenda benki iliendelea kukata ada kimakosa, na hiyo mna haki ya kuidai.

Kama kinga ya benki haipo, aina inayofanana na tatizo lako ni bima ya muda inayopungua: miaka minne au mitano, kiasi cha kuanzia 240,000, kinachoshuka pamoja na deni. Kwa umri wa mama na kile kidonda haitakuwa rahisi kuipata na haitakuwa ya bei ya chini, lakini unalipa miaka minne tu, na ikikubaliwa baada ya tathmini kamili kwa kawaida haina kipindi cha kusubiri kama ile miezi 24 ya ofa yako. Ikishindikana, hiyo 2,500 ipelekwe moja kwa moja kwenye mkopo kama malipo ya ziada kila mwezi, baada ya kuhakikisha benki haitozi faini ya kulipa mapema na kwamba ziada inapunguza deni lenyewe badala ya kukaa kama rejesho la mwezi ujao. Kupunguza 240,000 kwa 30,000 ya ziada kila mwaka ni kinga isiyouliza maswali ya afya.

Kumbuka pia kwamba deni la marehemu kwa kawaida hudaiwa kwenye mali aliyoiacha. Watoto hawalirithi kwa sababu tu ni watoto. Wewe linakufuata kwa udhamini wako, na udhamini unaweza kuwa na kikomo. Isome karatasi uliyotia sahihi.

Mazishi ni hesabu nyingine, na ni ndogo. Usiichanganye na deni ndani ya bima moja. Uliza kwanza idara ya rasilimali watu kazini kwako kama bima ya kikundi inakubali kuongeza wazazi. Nyingi zinakubali, kwa ada ndogo inayokatwa kwenye mshahara, bila maswali ya afya, na kipindi cha kusubiri huwa kifupi. Angalia ukomo wa umri wa kuingia, maana mara nyingi dirisha la kuongeza wazazi hufunguliwa mara moja kwa mwaka na hufungwa mzazi akifika 70 au 75. Ubaya wake ni kwamba ukiacha kazi kinga inakoma, kwa hiyo uliza pia kama inaweza kuendelezwa binafsi.

Kazini hakuna? Basi tafuta bima ya mazishi ya maisha yote isiyo na maswali ya afya. Itakuwa na kipindi cha kusubiri kama hiyo uliyopewa, na hilo ni la haki, kwa sababu kampuni imekubali kutouliza. Shangaa badala yake kwamba ofa yako ina maswali ya afya na kipindi cha kusubiri vyote viwili: unabeba mzigo wa pande zote. Kwenye bima ya mazishi dai mambo mawili yaandikwe: ada haitapanda kamwe, na kinga haina umri wa kukoma. Chukua kiasi kinachotosha mazishi tu. Fahamu kwamba kiasi hicho hakikui. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, 300,000 ya leo baada ya miaka 10 itanunua kile kinachonunuliwa leo kwa 184,000. Miezi 24 ya kusubiri ifunike kwa akiba. Kifo cha ajali kwa kawaida hulipwa kikamilifu tangu mwanzo, ila hiyo isiwe sababu ya kununua.

Na kuna bima ambayo hukuiuliza. Anayelisha nyumba hiyo ni wewe. Ukitangulia wewe, mama anakosa dawa, umeme na msaidizi kwa siku moja. Bima ya muda juu ya maisha yako, ukiwa na miaka 41 na afya nzuri, huuza kinga kubwa kwa sehemu ndogo ya ada wanayotaka kwa mama. Kwa kila 100 utakayotenga kwa bima, ningeanza kuitumia hapo.

Nani awe mwenye bima? Yoyote mtakayochukua juu ya maisha ya mama, mwenye bima awe yule anayelipa, yaani wewe, na mama awe mkatiwa bima. Mwenye bima ndiye anayepata barua za kampuni, anayeweza kubadilisha mnufaika, na anayeweza kuivunja. Andikisha pia mwenye bima wa akiba, kaka yako mkubwa kwa mfano, la sivyo ukifa kabla ya mama hati hiyo inaingia kwenye mirathi yako na ada zinasimama wakati watu wanasubiri mahakama.

Mnufaika si zawadi ya kuishi na mama. Fedha za kufunika deni zimwendee aliyelidhamini, kwa sababu benki itamgongea yeye. Za mazishi zimwendee atakayesimamia matumizi. Mdogo wako akitajwa, atajwe kwa asilimia, kwa jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho na kwa namba yake. Msiandike "watoto wangu". Neno hilo limefungia fedha nyingi mahakamani. Wekeni na mnufaika wa pili, endapo wa kwanza hayupo. Palipo na jina, kampuni humlipa mtu huyo moja kwa moja. Pasipo na jina fedha zinaweza kuingia mirathini, na mazishi hayasubiri mirathi.

Mkigawana ada, makato yatoke kwenye akaunti moja tu, wengine wamrudishie mwenye akaunti. Bima nyingi hufa kwa sababu mmoja alidhani mwenzake amelipa. Muda wa ziada baada ya tarehe ya kulipa mara nyingi ni siku 30 au 31. Ukipita, bima inakatika, na kuifufua huleta fomu mpya ya afya na mara nyingi kipindi kipya cha kusubiri. Akiwa na miaka 75, huko ni kuanza upya mkiwa pabaya zaidi.

Kaka yako mjibuni kwa upole. Karatasi ya udhamini yenye jina lako imeshatiwa sahihi, na haisubiri mtu akubali kuizungumzia. Mama mwenyewe zungumza naye wewe, akiwa ametulia, na anza na deni badala ya kifo: "Mama, shikamoo. Lile deni la nyumba nimelidhamini mimi, na nataka tujue benki imetukinga namna gani. Naomba tuende pamoja wiki hii, ubebe na kadi yako ya kliniki." Wazee wengi wameyawaza haya kuliko watoto wao, na huenda akakwambia ana kabahasha mahali fulani ambako wewe hujawahi kukaona.

Mkishapata hati, soma ukurasa wa jedwali siku hiyo hiyo: majina, tarehe ya kuzaliwa, kiasi, ada, tarehe ya kuanza, wanufaika. Mikataba mingi inakupa siku 10 hadi 30 za kutafakari na kurudishiwa fedha zako. Kosa la herufi kwenye jina lirekebishwe ndani ya siku hizo kwa maandishi, na barua ya marekebisho ibanwe na hati. Tunza pia nakala ya fomu mliyoijaza, kila ukurasa, maana kwenye ubishi fomu hiyo ndiyo ushahidi wa kile mlichosema. Kaka na mdogo wako wajue bahasha iko wapi na namba ya bima ni ipi. Siku ya kudai watahitaji cheti cha kifo, ripoti ya daktari kuhusu chanzo cha kifo, kitambulisho cha mama, vitambulisho vyao na taarifa za akaunti. Kifo kikitokea nyumbani, daktari aitwe athibitishe kabla ya mazishi, kwa sababu dai lisilo na chanzo cha kifo hukwama hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Wakala wako mwambie maneno haya tu: utajaza "ndiyo" panapostahili, mama atatia sahihi mwenyewe, na unataka aandike kwa barua kiwango cha juu ambacho ada inaweza kufika mama akiwa na 74 na 79. Akirudi na barua hiyo, ipige hesabu kama nilivyofanya hapo juu.